Sauti Chini ya Dirisha

Jumapili, tarehe 2 Juni

Misa ya pili. Nimeenda na binti yangu Odette tu. Nafasi ya baba yake mu kwaya, upande wa sauti nzito, iko wazi mwaka wa ine sasa. Batu banauliza. Najibu: anasoma. Mutu wa miaka makumi ine na tisa anasoma nini? Uinjenieri. Ku chuo gani? Ku interneti, mu chumba ya nyuma. Hapo njo banachekaka sana.

Leo Mama Véro, mukubwa wa shirika yetu ya sala hapa Manika, ameniuliza mbele ya batu: "Mama Odette, siku umeme ikikatika, ile diplome haitazimika?" Nilicheka nabo. Kufika ku nyumba nikaona haya juu nilicheka.

Mi nilisoma mpaka mwaka wa ine ya sekondari, kisha nikaingia mu kushona. Bitu anaandikaka sielewi. Mistari, miviringo, herufi ya bageni. Lakini ile moja naelewa: miaka makumi mbili na mbili bwana yangu, Tata Odette, anatengeneza mamoteri ya ku usine, kule kiwandani, na kila mara banaleta kijana mwenye karatasi kuwa shefu yake. Anamufundisha yule kijana kazi. Kisha kijana anamutuma.

Sasa shefu ya seksio, mukubwa wa sehemu yabo, anaenda pansheni. Bakubwa ya kampuni bamesema: leta diplome mbele mwezi wa saba uishe, kiti ni yako. Kumebakia mutihani mumoja. Tarehe kumi na tano.

Niseme kweli, humu mu daftari hakuna mwenye kunisoma. Niliichukia ile ordinateri, kompyuta yake. Iliniibia bwana ku misa, ku meza, ku mazungumuzo. Leo nataka tu amalize.

Jumatano, tarehe 5 Juni

Shirika. Tumekubaliana novena kwa ajili ya mutihani, siku tisa, kuanzia Ijumaa. Mwenye kuiomba ni Mama Véro, yeye mwenye kunicheka! Anasema rozari ya mwisho isisemwe mbali. Isemwe karibu na mutu mwenyewe, saa ile ile akiwa mu kazi, mukono umeelekea kwake. "Dawa habaipakake ku ukuta ya jirani," amesema. "Banaipakaka ku kidonda." Bamama bote: amina.

Ile rozari ya mwisho ni yangu. Nimefurahi.

Jumanne, tarehe 11 Juni

Tata Odette ametuketisha ku meza, mi na Odette, kama mu mukutano wa usalama ya ku usine. Siku ya mutihani kamera itamuangalia masaa matatu. Mbele ya kuanza ataizungusha, ioneshe chumba yote, hata chini ya meza. Mutu mwengine asiingie. Sauti ya mutu isisikike. Mashini inarekodi yote, kisha batu banasikiliza, kule inchi ya mbali yenye hajakanyaga.

Kisha akatoa kadena yake ya kazi, ile kufuli nyekundu yenye jina yake na picha. Ku usine, mwenye kuingia mu moteri anatia kadena yake ku swichi. Hakuna mwenye kuitoa, hata direkta. Mwenyewe tu, juu mule ndani iko uzima wake. Sasa ataifunga ku mulango.

Odette akauliza: na kuku je? Akasema kuku baongee tu, hakuna mwalimu anajua luga yabo. Tulicheka mpaka machozi. Nilimupenda sana leo.

Ile ya rozari sikumuambia. Nilijiambia: kadena ni ya batu. Sala si mutu.

Jumamosi, tarehe 15 Juni

Saa tatu asubuhi kadena iko ku mulango. Ametia mu masikio bile bizibo bya manjano banavaaka ku usine, asisikie kelele. Mi nilifunika mashini ya kushona. Nikamwaga mahindi kule ku choo ili kuku baende kule. Muuza mikate nilimulipa apite kimya.

Saa ine nikachukua rozari, nikazunguka nyuma ya nyumba. Nikapiga magoti mu vumbi, chini ya dirisha yake, ile yenye tuliziba na karatoni. Mukono ku ukuta. Mafumbo mawili nilisali mu moyo. Kisha nikasikia anapumua. Pumzi kubwa, ya mutu mwenye kuinua mufuko ya simenti peke yake. Sala ya moyoni ikaonekana ndogo. Kinywa ikafunguka. Kwanza polepole. Kisha si polepole.

Odette akatokea na beseni ya nguo. Akaniona. Akasimama, akatia kidole ku midomo. Nikamaliza fumbo la mwisho, juu rozari haikatwake katikati.

Saa sita ametoka, jasho tupu. Akaniinua mi mwili wote huu. "Mama, nimeipiga! Maulizo yote nimejibu!" Tukakula bukari, ugali wetu, na kuku moja kati ya bale ya ku choo. Alikula kama mutu ametoka ku gereza.

Mi nilikuwa nawaza: ni mi nimemusukuma. Nilijivuna. Niandike vile ilivyokuwa. Nilijivuna.

Jumapili, tarehe 16 Juni

Amekuja misa! Ameimba. Ku mulango ya kanisa batu bote: Injenieri, Injenieri. Alikuwa anaangalia biatu yake.

Ijumaa, tarehe 21 Juni

Habari imefika ku telefone. Ameisoma mara mbili, kisha akamupa Odette asome, kama vile macho yake inamudanganya. Mutihani umesimamishwa. Sauti ya mutu wa pili imesikika karibu na mwanafunzi, dakika kumi na moja, inaongea bila kusimama. Aeleze kwa barua mbele ya Jumatano.

"Sauti gani?" anauliza. "Sauti gani?"

Nilikuwa ku mashini. Nikaendelea kushona. Nimeshona mukono wa bluzi ndani nje.

Jumamosi, tarehe 22 Juni

Amezunguka kwa majirani na heshima yote. Radio ya nani ilikuwa inalia? Tata wa ku nyumba ya pili amesema radio yake ilikufa tangu Pasaka. Muuza mikate ameapa kwa kichwa ya mama yake.

Kisha akaniuliza mi. "Weye hukusikia mutu?"

Nikasema: "Batu banapitaka pale nyuma."

Kweli banapitaka. Na ni uongo.

Niandike juu ya nini nilidanganya. Niliogopa macho yake. Niliogopa pia shirika iseme Mama Odette ameharibu. Na nikawaza, Mungu mwenye kusikia ile rozari atatengeneza mwenyewe, kimya kimya, jina yangu isitokee. Nilimuomba vile, na magoti chini. Ile ni sala ya mwizi.

Jumatatu, tarehe 24 Juni

Ameandika barua. Mbele ya kuituma ametusomea, anatafsiri polepole. Anahakikisha, kwa heshima yake, hakuna mutu wa nyumba yake alikuwa karibu. Bibi yake na binti yake banajua sheria na baliifuata. Sauti ni ya mupita njia.

Akaniangalia. "Iko sawa, mama?"

Nikasema: sawa.

Odette akasimama, akatoka na sufuria hata haikuwa chafu. Baadaye ku robine, ku bomba ya maji, ameniambia, hata hakunitazama: "Mama, ile barua ni ya uongo. Na chini iko jina ya tata. Si yako."

Nikamuambia afunge maji, inamwangika.

Alhamisi, tarehe 27 Juni

Nimeshona yunifomu tatu. Sikulala muzuri. Hakuna habari. Ananinunulia mi sukari, ananiuliza mugongo unauma? Wema yake inanipiga.

Jumamosi, tarehe 29 Juni

Maungamo. Nilidhani padri atanipa rozari. Hakunipa hata Salamu Maria moja. Amesema: "Mungu amekwisha kukusikia, mama. Sasa mwenye hajakusikia ni bwana yako."

Nimerudi na miguu. Taksi-moto, ile pikipiki, ingenifikisha mbio.

Jumapili, tarehe 30 Juni

Nimemuambia. Kisha kula chakula, Odette akiwa kwa rafiki yake. Nilipiga magoti, akanikataza. "Simama, mi si sanamu." Nikasimama. Nikasema yote: rozari, dirisha, dakika kumi na moja.

Akauliza kitu kimoja.

"Siku ya barua, ulikuwa unajua?"

"Ndiyo."

"Na nilikuuliza."

"Uliniuliza."

"Sala ningeielewa," amesema. "Mi pia nilisali mule ndani." Akavaa kofia akatoka. Amefika mpaka karibu na Musonoi, kule ku mashimo ya madini, kisha amerudi na vumbi mpaka ku magoti. Hakupiga kelele. Heri angepiga.

Jumatatu, tarehe 1 Julai

Nimeandika na mukono wangu. Odette ametia mu Kifaransa. "Mi njo ile sauti. Sikumupa jibu hata moja, sijui hata moja. Nilikuwa nasali. Yeye hakujua. Alipoandika barua ya kwanza aliandika kitu nilimuachia aamini." Nilieleza rozari ni nini, labda kule habaijue. Jina, sahihi.

Tata Odette ameituma pamoja na yake. Hakunisomea yake.

Jumanne, tarehe 9 Julai

Jibu. Bameandika na adabu, nitasema ile.

Banatuamini. Bametafuta mutu mwenye kusikia Kiswahili, ameisikiliza sauti yote, amesema ni sala tupu. Tena banasema: kama barua ya kwanza ingekuwa na ukweli huu, bangemupa mutihani mwengine mwezi huu huu. Lakini barua ya kwanza ilikataa, na iko na sahihi ya mwanafunzi. Sheria yabo ku ile haina mulango. Mutihani umefutwa. Anaweza kujiandikisha mwaka wa masomo unaokuja, na arudilie masomo mawili ya mwisho tangu mwanzo.

Mwezi huu huu. Angekuwa na diplome mbele Julai iishe.

Zile siku zote nilikuwa nalia juu ya rozari. Rozari bangeisamehe. Chenye kimemuvunja ni neno moja nililisema nimeketi ku kiti yangu, kinywa kimeshiba. Sawa.

Alhamisi, tarehe 11 Julai

Kampuni imetaja shefu mupya ya seksio. Kijana ametoka Lubumbashi. Tata Odette amevua bottes, biatu yake ya kazi, akasema: "Anaonekana mutu muzuri. Ile pompi ya tatu haijui. Kesho nitamuonesha."

Nimeenda jikoni nikakata kitunguu kimoja, muda mrefu.

Mama Véro amepita ku kipango, ku uzio wetu, anauliza misa ya shukrani ni lini, bamama batoe pagne moja, kitenge ya kufanana. Nikamuambia yote pale pale, tumesimama. Akashika kichwa. "Ni Shetani, Mama Odette! Shetani aliona wivu!"

Nikasema hapana, mama. Shetani hakuwa pale ku meza. Tulikuwa tatu tu, na mwenye kuulizwa ni mi.

Hakupenda jibu. Ameenda bila kukunywa maji.

Jumatano, tarehe 17 Julai

Mu njia bangali banamuita Injenieri. Anaitika. Kurekebisha kila mutu kunachokesha, amesema. Ku nyumba tunaongea chumvi, maji, sabuni. Hanifanyie ubaya. Haniulize kitu.

Jumapili, tarehe 21 Julai

Baridi na upepo. Yaya yangu, ndugu yangu mukubwa, ametuma mufuko ya mahindi kutoka Lubudi. Misa ilipoisha tulitandika mukeka mu kiwanja, yeye upande mumoja, mi upande mwengine, tunapukucha.

Telefone ikalia. Chuo. Akapangusa mikono, akasoma kwa sauti, Kifaransa kwanza, kisha akanitilia mu Kiswahili mpaka mwisho. Kujiandikisha kumefunguliwa. Wenye kurudilia bajibu mbele ya mwisho wa mwezi.

Kisha: "Weye unaona namna gani?"

Zamani ningekuwa na jibu mbele amalize. Mungu atafungua njia, na kazalika. Leo nilihesabu miaka yake. Nikasema: "Mwezi wa tatu unatimiza makumi tano. Utachoka."

"Nimeshachoka. Sikukuuliza ile."

Nikatafuta ya kweli. Nikasema: "Nataka uanze tena. Naogopa kusema nataka."

Akachukua gunzi ingine. Telefone ilikuwa katikati yetu ku mukeka, mwangaza wake ukabaki kidogo kisha ukazimika. Hakuijibu ile habari. Hakuifuta pia, nilikuwa naangalia.

Tumepukucha mpaka chini ya mufuko. Bidole binaniuma mpaka sasa.