Nyimbo Zangu Zimetiwa Kufuli

Jumatatu, 4 Mei
Bado haijafunguka. Fundi wa duka la chapa hapa Nguvumali kairudisha diski. Nyimbo zimo, anasema, ila zimefungashwa furushi moja, na mashine yake haina cha kulifungulia. Andika hivyo hivyo, Mariamu. Mkamwana wangu huyu, Msambaa wa Lushoto, mwandiko mzuri, mchuzi ndio haukolei. Hilo usiandike.

Nyimbo za kumfunda mwali, zangu na za marehemu mama. Tangu homa ya mwaka jana zimenitoka. Kiitikio nakishika, mwanzo siuoni. Zainabu, mwali wangu mwenyewe niliyemfunda, aliziandika zote nikimwimbia, akazitia kompyutani, akaniachia diski hii, kisha akaenda Dar. Daftari limeliwa na mchwa. Alhamisi natakiwa Pongwe, kuna mwali ananingoja ndani. Naogopa.

Jumanne, 5 Mei
Kwa Bwana Akbar, muuza vitambaa. Ana kompyuta mpya. Zamani tulisukumana foleni kwa doti moja ya khanga, tena kwa kibali. Siku hizi khanga zimejaa hadi darini, tunazitazama tu. Nilikuwa nasema nini? Ndiyo. Furushi limefunguka nusu. Majina ya nyimbo yakatokea, nikamwambia asiyasome kwa sauti. Zenyewe hazitoki mpaka lipigwe neno la siri.

Neno nalijua. Zainabu aliniambia ni jina lake la ndani, nililompa unyagoni. Jina hilo halitamkwi mbele ya mwanamume, wala mbele ya asiyechezwa unyago. Mariamu hakuchezwa. Miye herufi najua za msahafu tu. Makungwi wenzangu wote wako makaburini.

Umeme ukakatika. Nikashukuru.

Jumatano, 6 Mei
Nimelitamka. Mungu anisamehe.

Nilinong'ona. Akbar akacheka, "Bi Mkubwa, sema tu, mashine haina masikio." Yeye je, hana? Akalipiga kwa herufi kubwa, kwa ndogo, akaliunganisha, akalikata. Akatoa nakala kwenye diski nyingine, pengine ya kwanza imeharibika. Wapi. Furushi zima, neno ndilo silo.

Nikaomba simu ya dukani, nikampigia Zainabu kazini kwake. Shikamoo ndefu, tamu. Kisha akasema, "Nilibadilisha neno kabla sijakuachia diski, somo. Nyimbo hizo ndiyo kazi yangu huku."

Kazi yenyewe anafunda maharusi ukumbini, kwenye hizo kichenipati. Kwa kipaza sauti. Wanaume wanapita na soda. Nikamwomba za Pongwe tu, hizo tatu za kufungulia unyago. Akasema akinipa miye, kesho zitaimbwa na kila mtu.

Mtoto niliyemkalia siku saba ndani, nikamwogesha kwa mkono huu. Leo miye ni kila mtu. Na jina lake nimelimwaga bure mbele ya mwanamume. Nimemchukia. Sijala.

Alhamisi, 7 Mei
Tangu alfajiri najaribu. Nimepata nne. Ya tano ina pengo katikati, nimeizunguka kama mtu anayetafuta sindano mkekani. Za kufungulia, hata moja.

Mama yake mwali kaja mwenyewe kutoka Pongwe, yuko barazani. Nimemwambia kweli yote, ila jina. Akasema mwanawe nimfunde kwa maneno matupu, zile nne niimbe.

Sauti nayo imekauka leo.

Ananiita, gari linangoja. Nipe ushungi wangu, Mariamu. Nakwenda.