Damu Yangu na Damu ya Wekesa

Jumatano, 5 Machi
Palizi imenishinda. Mimba ya miezi mitano, mgongo unauma. Niliacha jembe nikaenda kliniki. Nesi alipima damu, akarudi na uso mwingine. Homa ya ini, aina ya B. Huambukizwa kwa damu, au kwa kulala pamoja. Sijamjua mwanamume mwingine ila mume wangu, Wekesa. Yeye huendesha trekta la miwa. Siku nyingine hulala huko kazini, mjini Shianda.

Ijumaa, 7 Machi
Nimenusa shati lake. Jasho na dizeli. Nimepekua simu. Hakuna kitu. Mwenye hila huacha kitu?

Jumapili, 9 Machi
Nimemwambia. "Shianda nalalanga ndani ya trekta," akasema. Simwamini. Kanisani aliimba kwa sauti. Nilimchukia.

Jumanne, 11 Machi
Amepimwa. Hana virusi. Lakini damu yake ina alama: viliwahi kumwingia, mwili ukavishinda. Kumbe ni yeye! Nililia kwa hasira mbele ya watu.

Daktari akaniita kando. "Mama yako yuko?" Alikufa nikiwa mdogo. Tumbo lilivimba, macho yakawa manjano. Akanieleza taratibu. Virusi vikimwingia mtu mzima, askari wa mwili huvitambua na mara nyingi huvimaliza. Vikimwingia mtoto mchanga, askari ni wageni kazini. Wanavizoea. Vinakaa kwenye ini miaka na miaka, kimya. Siku askari wakiamka, wanapiga hata ini lenyewe.

Huenda nilizaliwa navyo. Huenda Wekesa alivipata kwangu.

Alhamisi, 13 Machi
Nimemweleza. Akauliza: "Daktari alikwambia hayo mkiwa wawili tu?" Ananitazama kama nilivyomtazama. Inauma. Nimestahili.

Jumatatu, 17 Machi
Tumeenda pamoja. Alimuuliza daktari yote, mengine mara mbili. Nimeanzishiwa vidonge, virusi vipungue kabla sijajifungua. Njiani alitangulia mbele. Lakini alinibebea mkoba.

Alhamisi, 10 Julai
Msichana. Amechomwa chanjo saa ileile aliyozaliwa, na sindano nyingine ya kinga. Atarudi kwa zingine, kisha apimwe. Alilia kidogo tu.

Nilimwomba Wekesa msamaha. Alimega obusuma, ugali wetu, akachovya kwenye mchuzi, akanilisha kwa mkono wake, maana mimi nilikuwa nimemshika mtoto.