Kabla Hujaingia Jangwani

Mjukuu wangu Baraka,

Shikamoo yako imenifikia huku Guangzhou, marahaba sana. Tu wazima. Mama yako anashinda soko la nguo la Zhanqian akichagua magauni ya kupeleka Arusha, na mwenye duka Mchina siku hizi ananiita "bibi" kwa Kiswahili safi.

Unauliza kama wewe na wenzako mwende lile jangwa la Wanavajo, wenyeji wa asili wa huko Marekani, bila mwenyeji, maana kwenye ramani hamkuona nyumba wala uzio.

Nilipokuwa binti, tulikwenda wasichana watatu kuona Ziwa Natron. Tulikuta magadi meupe hadi upeo wa macho, tukaingia mbio. Ganda likapasuka, nikazama matopeni mpaka magotini. Mama mmoja wa Kimasai aliyekuwa akichunga mbuzi akaja taratibu, akikanyaga anapopajua, akanivuta.

"Mbona hamkupiga hodi?" akauliza.

"Mama, hapa hakuna mlango."

Akacheka mpaka akakaa chini. "Mlango ni mimi."

Kisha akatutembeza. Akatuonyesha chemchemi ya maji matamu, viota vya heroe kwa mbali, na jiwe ambalo kivulini mwake alimzaa mwanawe wa kwanza. Bila yeye tungerudi mjini tukisema kule hakuna kitu.

Basi waandikieni wenyeji, mwombe kibali, na mkubali siku watakayowapa. Wakisema mahali fulani hapapigwi picha, weka simu mfukoni, uangalie vizuri kwa niaba yangu.

Akupendaye,
Bibi Eliwaza