Neno "Grow" na Shamba la Mama Murera

Witeithie,
Thika Road.
Juni 8, 2025.

Mpendwa ndugu yangu Mburu,

Salamu nyingi kwako na kwa wifi yangu Jackie. Baridi ya huko Perth imeshaanza? Hapa tunavaa masweta mawili. Kifua cha Mama kimepona, anakula, anagombana na kuku wake, kwa hiyo tumshukuru Mungu.

"Grow ni kukua tu, Magda. Wacha kutafuta maneno." Hayo ni ya mdogo wetu Karanja, Jumapili iliyopita, mbele ya Mama. Alikuja na rafiki yake Nicanor, yule mwenye nyumba za kupangisha kule Kamakis. Wanasema wanataka ku-grow shamba la Murera anakoishi Mama, na kilichobaki ni neno lako tu kwa sababu wewe ndiye mkubwa.

Si kukua tu! Nimelifuata neno hilo mpaka kwenye mizizi. Limetoka tumbo moja na neno lao la nyasi, grass, na lile la rangi ya kijani, green. Zamani Waingereza walilitumia zaidi kwa mimea: nyasi inaota yenyewe, hakuna anayejisifu. Baadaye mkulima akajiingiza, akasema yeye ndiye anayekuza ngano. Juzijuzi watu wa suti nao wakaanza kukuza biashara na pesa kwa neno lilelile la nyasi. Tena lina maana ya kugeuka, kama mtu anavyogeuka mzee.

Nilimwuliza Karanja anatumia maana ipi. Akanicheka. "Haiya, mwalimu, si uandike kitabu!"

Akamgeukia Mama, akamweleza kwa Kikuyu kwamba shamba litakua. Unajua neno letu, gũkũra, ni kukua na pia ni kuzeeka. Mama akaweka kikombe chini.

"Mimi ndiye nimezeeka, Karanja. Shamba bado. Likizeeka mtalizika wapi?"

Nicanor alicheka mpaka akamwaga chai. Kisha Mama akauliza kwa upole: shamba likishakua, migomba yake na majani ya ng'ombe yatakuwa upande gani? Nicanor akashika simu yake. Karanja akasema wamechelewa.

Mtu aliyezaliwa Murera anatafutia nini neno la Kiingereza kwa habari ya shamba la mamake? Kiswahili kina kuota, kukua, kukuza, kujenga na kuuza. Angechagua moja. Nashuku ameyakwepa yote kwa ajili ya hilo la mwisho.

Mwambie mwanenu Shiko kwamba shangazi yake anamngoja Desemba. Kamene, jirani wa Mama, anawasalimu sana. Mungu awafunike huko mliko na awarudishe salama.

Karanja atakupigia Jumamosi. Wewe na Jackie, msimwambie yes, wala sawa, wala tutaona. Mwulizeni kwa Kiswahili: Mama atalala wapi? Asipojibu hilo, kateni simu.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata nikifoka,
Magdalene