Nimuue Mume wa Kwenye Filamu, au Nimpe Maneno?

Mshauri wangu, shikamoo, na kama umri wetu ni mmoja basi tusalimiane tu kawaida. Nina jambo limenikaa kooni na sina wa kumwambia, maana wote ninaoweza kuwaambia wamo ndani yake.

Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule katika chumba cha mbele cha nyumba yetu, na kwa muda mrefu mguu ukiwa kwenye cherehani kichwa changu kimekuwa kikitunga filamu, mpaka mwaka huu nikaiandika yote kwenye simu, nikaenda kuichapisha, na nakuambia bila aibu kwamba ni nzuri, inahusu wifi aliyekuja kumsalimia kaka yake na begi dogo halafu hakuondoka, na jinsi mke wa nyumba hiyo anavyopambana naye kuanzia jikoni mpaka sebuleni, na maneno yao yanachoma kiasi kwamba mimi mwenyewe niliyeyaandika nacheka peke yangu. Nikampa mtayarishaji mmoja wa filamu ambaye huwa nawashonea wanawe, akasoma kurasa za mwanzo amesimama palepale mlangoni, akasema ina uhai, ataondoka nayo akaisome yote, lakini kabla hajaamua kama ataitengeneza anataka na mimi niwape watu waisome, watu wa kuniambia ukweli, kisha niirekebishe nimrudishie mwisho wa mwezi.

Basi nikaanza na wifi yangu, dada wa mume wangu, ambaye kwa kweli ndiye niliyemwandika mzima mzima, maana naye alikuja kwetu na begi dogo akakaa mpaka nikasahau nyumba ilivyokuwa kabla yake, na nimemweka humo hadi kile kikohozi chake cha kutaka apishwe kwenye kiti. Mshauri, nilimkabidhi nikiwa nimeshaandaa la kujitetea. Lakini alisoma huku kashika mbavu kwa kicheko, akaniambia, "Wifi, huyu mwanamke namjua! Ni jirani yetu mtupu. Umempatia, usimpunguzie hata neno!" Nikasema asante wifi, nikaenda kucheka jikoni. Shoga yangu mwenye saluni ya jirani naye akawa anawasomea wateja wake kwa sauti huku anasuka, wakagawanyika kambi mbili, wengine wa mke wengine wa wifi, na mmoja akagoma kuondoka na nywele zake zimeshakwisha kusukwa mpaka ajue mwisho.

Kisha nikampa baba watoto. Yeye ni fundi wa majokofu, mtu mpole, haongei sana. Kila akirudi kazini ananawa mikono, anakaa, anasoma, na hakucheka hata mara moja, mpaka alipomaliza nikamwuliza, vipi? Akasema, "Nzuri. Ila huyu mume, kila anapotokea anasema 'sawa'. Ningependa siku moja aseme..." na mimi kwa kuwa nilishamwelewa nikamwambia nimekupata, unataka awe na msimamo, awafokee wote wawili, akanitazama, akasema, "Sawa." Tangu siku hiyo anakula, anasalimia, anacheza na watoto, lakini kuna mlango umefungwa mahali fulani na mimi niko nje yake. Angekasirika ningejua la kufanya, maana kugombana nakuweza.

Juzi mtayarishaji alikuja kuchukua sare, akaniambia ameshaisoma yote. "Hawa wanawake wako hai," akasema. "Huyu mume ni kabati. Ama mpe cha kusema, ama mfanye marehemu tangu mwanzo, halafu tuongee kazi." Shoga yangu anasema nimuue, eti mjane anapendwa na watazamaji. Nimejaribu kumpa maneno, nimekaa kwenye meza ya kukatia vitambaa nikaandika na kufuta, na kila ninachomwandikia kinatoka kama mimi niliyevaa suruali.

Nikimuua, baba watoto ataona nimemuua yeye. Nikimwacha hivyo, filamu haitengenezwi. Nikimtungia maneno, ataona nimemsingizia. Kazi yangu naiamini, mshauri, na mume wangu nampenda, sasa nifanyeje? Nimuue au nimpe maneno, na kama ni maneno, nikayatoe wapi?

Fundi Cherehani

*

Fundi, marahaba. Nimekuzidi umri na salamu yako naipokea yote.

Kwanza hongera. Kumwandika wifi yako, kisha wifi huyohuyo akaomba asipunguziwe neno, si kila mwandishi analiweza hilo. Na unavyojiamini hivyo endelea, sitaki uje hapa kuomba radhi kwa kipaji chako.

Sasa kaa vizuri nikuseme. Ulitaka mtu wa kukuambia ukweli. Filamu yako sijaisoma, ila barua yako nimeisoma, na imenitosha. Humo wifi kasema akamaliza. Shoga kasema akamaliza. Mtayarishaji kasema, na wewe akakumaliza kabisa. Mumeo akaanza, "Ningependa siku moja aseme..." Aseme nini, mama? Mimi sijui. Wasomaji wa ukurasa huu hawajui. Na wewe unayelala naye kitanda kimoja hujui, kwa sababu ulimkata katikati, ukamshonea mwisho unaoutaka wewe, na yeye kwa upole wake akauvaa.

Halafu unaniuliza maneno yake ukayatoe wapi!

Usiniambie haongei sana. Kwenye nyumba yenye wewe na wifi yako, hata mimi ningesema "sawa" nikatoka nje. Tena nikuulize kitu. Vita vyote vile vya jikoni, upande mmoja alisimama dada yake wa tumbo moja, upande wa pili mkewe. Uliwahi kumwuliza alikuwa analalaje? Umeandika filamu nzima kuhusu nyumba hiyo, na mtu aliyekuwa katikati yenu hukumwuliza hata mara moja ilikuwaje kukaa pale. Hilo limeniuma, dada, na ninakuambia kwa sababu naona unampenda.

Kumuua, hapana. Shoga yako aendelee kusuka.

Fanya hivi. Nenda kwenye karakana yake siku ambayo kazi si nyingi. Akiinama nyuma ya jokofu, mshikie tochi. Watu wa aina yake huongea mikono ikiwa kazini na macho yakiwa kwingine, ukimkalisha mezani umtazame usoni utapata "sawa" nyingine. Mwulize, "Siku ile ulitaka yule mume aseme nini?" Kisha funga mdomo. Atanyamaza, na hapo utawashwa kumsaidia. Usimsaidie! Uma ulimi, uma mdomo, uma chochote, hata kama jokofu lote litafunguliwa na kufungwa tena. Akianza, mwache afike mwisho. Akifika mwisho, subiri kidogo, maana mtu aliyezoea kukatizwa huweka la maana nyuma kabisa. Na simu yako iache nyumbani, nakujua.

Mtayarishaji mwombe akuongezee muda, na umwombe kifua mbele, usimnyenyekee. Mtu aliyesoma amesimama mlangoni hawezi kuikimbia kazi yako kwa sababu ya wiki moja. Wifi usimwambie kitu. Anampenda yule mwanamke, mwache ampende, na filamu ikitoka umpe kiti cha mbele bila kusubiri akohoe.

La mwisho, na hili ulisome polepole. Utakachoambiwa pale huenda kisifae filamu hata kidogo. Huenda kikakuhusu wewe, na kikakuchoma kuliko yote uliyomwandikia wifi. Usikimbilie kukiandika. Kaa nacho, kisha mwulize mwenyewe kama anaruhusu kitoke nje ya nyumba. Akiruhusu, kiandike kama alivyokisema, bila kukinyoosha. Akikataa, mtafutie mume wa filamu maneno mengine. Hayo aliyokuambia ni ya mkewe.