Jiwe la Kaburi la Baba Yako

Mwanangu Wartini,

Assalamu alaikum. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kile kifua kilichokubana msimu wa mvua kimeachia. Mimi sijambo, ila magoti, na hayo umeyazoea. Tempe za kuuza bado natengeneza, na soya naichemsha na kuichachusha mwenyewe. Usinicheke mwandiko, wajua niliishia darasa la tatu. Kwenye simu ningelia, nawe ungeitikia kila kitu ili ninyamaze tu.

Tangu uliposema Jumatatu unapeleka barua ya kuacha kazi kiwandani, ili upewe akiba yako ya uzeeni tumsomee baba yako hitima ya siku elfu tangu afariki na kumwekea jiwe kaburini, roho yangu haijatulia. Siku ile niliitikia Alhamdulillahi. Naomba uifute hiyo.

Juzi alikuja binti mmoja wa chuo kikuu, anaitwa Retno. Anapita nyumba kwa nyumba kuuliza wazee wanaishije na walijiandaaje. Mpole kweli, alikaa nami mkekani akanisaidia kufunga tempe kwenye majani ya mgomba, japo nilizifungua zote baadaye nikafunga upya. Akaniuliza nimejiwekea nini cha uzeeni. Nikacheka, nikamwambia ninaye Wartini. Akaandika. Kisha akauliza, taratibu tu, "Na Wartini, Mama, ana nani?"

Mwanangu, nilifunga jani tupu, tempe nikaisahau mkekani. Una miaka arobaini na mitatu, huna mume wala mtoto, na sikusemi kwa hilo. Retno alinieleza kwamba wengi aliozungumza nao waliacha kazi ili watoe akiba hiyo, wakaoza watoto, wakazika, wakaezeka nyumba. Waliporudi kwenye lango la kiwanda wakaambiwa wanatakiwa wa miaka ishirini. Mmoja ana miaka sitini na sita na anafulia watu nguo. Nikaiona mikono yako kwenye lile beseni.

Wajua wazo la hitima kubwa lilianzia wapi? Bi Painem alinisema sokoni mbele za watu: "Kwa wenzio umekula ng'ombe, Sumirah. Kwako tutalamba majani?" Watu wakacheka, nami nikacheka nao, kisha nikaenda kukupigia simu.

Sasa nikwambie nililokuficha. Nilikwambia baba yako aliusia jiwe. Hakuusia. Wiki ile ya mwisho, nikimlisha uji, alinishika mkono akasema, "Mama Warti, msiniwekee jiwe. Litamwelemea mtoto." Nilijiambia ni homa inasema. Si kweli; akili yake ilikuwa timamu kuliko yangu. Niliogopa kijiji kitaniona nimemtupa mume wangu kama mbwa. Karibu siku elfu nimelikalia neno lake, na kumbe nilikuwa nauza uzee wako ninunue midomo ya watu.

Hitima itasomwa. Wali, tempe, kuku wangu wawili, na majirani wa karibu. Painem nimemwalika, nimemwambia majani ya kulamba yapo tele. Alinuna, lakini atakuja, hawezi kukosa. Kibao cha mfenesi bado kimesimama kaburini. Jina lilikuwa limefifia, nimelipitishia rangi kwa mkono wangu, herufi moja imepinda kidogo.

Barua hii nampa Giyanto, dereva wa basi la jioni ya leo Jumamosi. Ameapa itakufikia kesho. Asipokukuta ataiacha kwa mwenye nyumba wako, na hapo ndipo moyo unaponidunda, maana yule mzee husahau hata miwani yake usoni. Nitaomba Mungu mpaka Jumatatu.

Ile barua ya kuacha kazi ichane, na ukifika langoni asubuhi hiyo kuingia kazini, nipigie. Usinisamehe kwa simu, hilo utanijibu ukija nyumbani. Wala usiseme kitu. Nikisikia king'ora cha kiwanda nyuma yako, kitanitosha.

Wasalimie wenzako mnaokaa nao chumba kimoja. Kula vizuri, ufunge kifua.

Ni mimi mama yako akupendaye,
Sumirah