Sauti ya Ng'ambo Isiyotaja Jina

Garsen,
Tana River,
14 Septemba 1957

Mpendwa dada Lydia,

Nakusalimu sana, wewe na shemeji na huyo mtoto ambaye bado sijamwona. Kifua chako kimepoa? Na mtoto, meno yametoka? Sisi wazima. Mama magoti tu yanamsumbua, lakini shambani Idsowe anakwenda, ukimkataza anakasirika. Mpunga umekubali, ila viboko wanakula kabla yetu.

Kazi yangu imekwisha. Ile nyumba ya watoto waliotoroka kwao, nilimokuwa napika na kuvusha watoto mtoni, imefungwa. Karani alikuja na lori, akasema serikali haina tena fungu la nyumba hiyo. Akachukua mablanketi, sufuria, mpaka mtumbwi. Watoto wakaambiwa warudi kwa watu wao. Lydia, kama walikuwa na watu, wangekuja kwetu?

Unajua desturi ya kivukoni. Mtu wa ng'ambo akitaka kuvushwa anaita, anataja jina lake na la baba yake. Magharibi ikiingia, sauti isiyo na jina haiitikiwi. Wazee wanasema ni ya mtu aliyekufa maji, anatafuta mwenzake. Lakini mtoto aliyetoroka hataji jina, anaogopa kurudishwa. Kwa hiyo serikali ilikuwa inanilipa niitike kila sauti. Vijana walinicheka, eti nakwenda kuoa mamba. Mimi napiga kasia tu. Siku zote alikuwa ni mtoto tu, ana njaa.

Mmoja ni Kalla, yule Muorma aliyepoteza ndama wa watu akakimbia fimbo. Kikohozi chake ningekijua popote. Nyumba ilipofungwa, kabla mtumbwi haujachukuliwa, nilimvusha mwenyewe kurudi ng'ambo. Alisema anakwenda kumtoa dada yake, Gumato, kwa huyo huyo mwenye ndama, halafu warudi wote. Nikamwambia nyumba hakuna tena. Akasema, "Wewe si upo?"

Siku si nyingi baadaye, magharibi, sauti ikaita ng'ambo. Haina jina. Mtumbwi uliobaki ni wa Mzee Komora wa kivukoni. Nikashika kasia, akalikanyaga.

"Kaa, Jairus. Asiye na jina ni wa mto."

"Ni mtoto, babu."

"Nani anakulipa sasa uitike?"

Sauti ikaita tena, ikakohoa, ikanyamaza. Nilimvuta Komora, watu wakanishika. Asubuhi tulivuka. Nyayo ndogo zimeshuka mpaka majini. Za kupanda hatukuziona. Komora alizitazama, akaenda kuketi peke yake. Tangu hapo nikichukua mtumbwi wake hanizuii.

Sasa kila magharibi nasimama ukingoni. Unanijua, hata kanisani naimba ndani kwa ndani. Lakini naita kwa nguvu: mimi Jairus, mwana wa Buya, ukiwa huko usitaje jina, kohoa tu.

Jana sauti ikajibu, "Jairus."

Nchi hii tambarare, haina mwangwi. Nilivuka. Ni msichana. Ni Gumato. Anasema kaka yake alimfundisha jina langu njiani. Miguu yake ilivimba, Kalla akamwacha kwa mama mmoja kwenye kambi ya ng'ombe, akatangulia kuita mtumbwi.

Lydia, shemeji anafanya kazi ofisi ya serikali. Mwombe aulize wakubwa wake. Nyumba wasirudishe kama hawawezi, ila wamweke mtu wa kuitika. Mimi nitavusha bure, lakini nikiugua, nani atakwenda? Watoto bado wanatoroka, na hawajui kwamba serikali imeacha.

Gumato yuko hapa kwa Mama. Amekula kidogo. Anakaa mlangoni anatazama mto. Ameniuliza mara moja tu, "Kalla amevuka?" Nikatazama chini, na hakuuliza tena. Leo anataka twende wote ukingoni. Mimi nitataja jina langu, yeye atataja la Kalla na la baba yao, mto usikie kuwa Kalla ana watu.

Msalimie shemeji, na shangazi Mkawasi ukimwona. Mama anasema umfunike mtoto masikio, upepo wa huko ni mbaya. Mungu awalinde mkilala na mkiamka, na njia zenu zisikose wa kuwapokea. Jua linashuka, naacha hapa.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Jairus Buya